Pumzi Haifungiwi Kabatini

Ndugu msomaji, kwa muda wa siku mbili nilizunguka katikati ya jiji la Nairobi nikitafuta kitu kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na sikukipata. Nilikuwa natafuta ulimi wa zumari.

Walioinukia Pwani wanakijua nisemacho. Zumari ina kiwiliwili cha mti chenye matundu, na chini hupanuka kama ua lililochanua. Juu hutiwa kijibomba chembamba cha madini chenye kibao cha duara cha kuegemeza midomo. Na kwenye ncha kabisa ndipo panapokaa ulimi, yaani jani kavu lililokunjwa na kufungwa kwa uzi. Ulimi huo ndio unaolia. Bila ya huo, zumari yote ni ukuni wa kupikia chai.

Aliyenituma ni mwalimu wa muziki wa shule moja ya sekondari huko magharibi ya jiji, upande wa Kawangware, ambako mjukuu wangu anasoma kidato cha pili na kupiga kayamba katika kikundi cha shule. Alinipigia simu siku ya Jumatano. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu wa Pwani. Vijana wangu wanne wa ala za kupuliza wanamaliza shule mwaka huu. Tunawaaga Jumamosi, na ulimi wa zumari umepasuka. Nimeona hakuna mwingine wa kumwomba ila wewe."

Nilimjibu kwa majivuno kwamba hilo ni jambo dogo. Mtu wa Pwani ashindwe na ulimi wa zumari?

Alhamisi nilisali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, kisha nikaanza safari yangu. Nilipita Mtaa wa Biashara, wanakouza leso na vikoi, nikidhani kwamba penye watu wetu hapakosi habari. Nikaulizia huku na huku mpaka nikafika River Road. Niliingia maduka ya ala za muziki. Nikaonyeshwa tarumbeta za kung'aa, saksafoni zilizolazwa kwenye mahameli, na filimbi za plastiki za watoto wa shule zilizopangwa kama miswaki. Kijana mmoja muuzaji, mwenye adabu zake, alinitolea kipande cha tete kinachotiwa katika ala za Kizungu, akaniuliza, "Hiki hakifai, mzee?" Nikamwambia hakifai. Akaniuliza zumari ni kitu gani. Nikajaribu kumweleza, na nilipomaliza akasema, "Basi hiyo waulize watu wa Pwani."

Haya, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nilipochoka nilikwenda kukaa Barabara ya Harry Thuku, karibu na Jumba la Maigizo la Taifa lililofunguliwa mwaka 1952. Jirani yake ndipo ilipo Konsavatori ya Muziki ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1944. Hapo hapo mtaani ndipo yalipo majumba ya utangazaji ambayo, wakati yalipoitwa Sauti ya Kenya, yalituletea nyimbo za Pwani majumbani mwetu. Nikawaza, mtaa huu mmoja umesikia muziki wa dunia nzima, na mimi ninatafuta jani lililokunjwa!

Mwisho nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko Mji wa Kale, Mombasa. Naye hakujua. Akauliza, akaulizia, na siku ya pili akampata mzee mmoja anayeitwa kwenye ngoma za harusi, mwenye kujitengenezea ndimi zake mwenyewe. Mzee akatoa tatu na akakataa malipo, akasema kwamba kitu cha watoto wa shule hakiuzwi. Zikaja kwa basi la usiku, ndani ya kiberiti kitupu.

ALA ZA NYUMBANI

Jumamosi nilipanda gari la Kawangware, namba 46, na kiberiti changu mfukoni. Gari likapanda Valley Road, likapita Hurlingham, likaacha mabustani ya wenye nazo na kuingia kwenye mabati na vibanda vya sukuma wiki. Shule hiyo imekaa katikati ya namna hizo mbili za maisha, na watoto wake wanatoka pande zote mbili.

Napenda nieleze kikundi hicho, maana si cha kawaida. Si bendi ya tarumbeta ya gwaride wala si okestra ya Kizungu. Ni okestra ya ala za makabila yetu. Upande mmoja wamekaa wapigaji wa nyatiti ya Waluo. Upande wa pili wamekaa wa orutu, na wa wandindi ya Wakikuyu, zile zinazosuguliwa kwa upinde. Nyuma ziko ngoma na kayamba. Na katikati, mbele ya ngoma, ndipo palipokuwa pakikaa wale wanne: mvulana wa zumari, wasichana wawili wa chivoti, ambayo ni filimbi ya Wadigo inayopigwa kwa kulazwa ubavuni, na mvulana mwingine aliyebadilisha baina ya abu ya Waluo na coro ya Wakikuyu, yaani pembe.

Nilimwuliza mwalimu wazo la kuwagawa hivyo alilipata wapi. Alicheka, akasema alilipata kwa Wachina. Aliona katika televisheni wanafunzi wa Singapore wakipiga okestra ya Kichina, akastaajabu kwamba watoto wa shule wameketi kwa mpangilio kama wa okestra kubwa ya Ulaya, lakini hakuna hata ala moja ya kuazima iliyotangulia mbele. Akajiambia kwamba kama wao wameweza, sisi tuna upungufu gani?

Na kweli ndivyo ilivyo. Okestra ya Kichina, kwa namna inavyojulikana leo, si jambo la kale sana. Wanamuziki wa China katika karne ya 20 walizikusanya ala zilizokuwa zikipigwa vijijini, harusini na kwenye majumba ya michezo, wakazipanga mafungu manne: za kupuliza, za kudonoa, za upinde na za kugonga. Leo zimo katika shule nyingi za Singapore na Hong Kong. Katika fungu la kupuliza kuna filimbi ya mwanzi iitwayo dizi, ambayo tundu lake moja hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya tete ili sauti iwe na mkwaruzo mtamu. Kuna sheng, ambayo ni mianzi mingi iliyosimamishwa katika bakuli moja. Na kuna suona.

Hiyo suona, ndugu msomaji, ukiiona utaamkia. Ina kiwiliwili cha mti chenye matundu, mdomo wa chini uliopanuka, kijibomba cha madini, kibao cha midomo, na ulimi uliokunjwa. Ni zumari hiyo! Wataalamu wanasema ilifika China kutoka nchi za magharibi yake, na jina lenyewe limetokana na surna ya Waajemi. Ndugu zake ni zurna ya Waturuki na shehnai ya Wahindi. Jina letu sisi tumelipata kwa Waarabu, lakini ukoo ni mmoja. Mtoto mmoja wa ukoo huo alikwenda kwa njia ya ngamia mpaka China, mwingine akaja kwa jahazi mpaka Lamu na Mombasa. Huko China hupigwa harusini na mazikoni, na huko nako vijijini inapungua. Mwaka 2016 ilionyeshwa filamu ya marehemu Wu Tianming juu ya fundi wa suona na mwanafunzi wake, na huzuni ya filamu hiyo ni kwamba fundi yupo na mwanafunzi yupo, lakini watu wa kuwaita harusini wamekwisha kupenda vingine.

BURIANI

Nilipompa yule mvulana wa zumari kiberiti alikifungua kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua dhahabu. Huyu si mtoto wa Pwani. Ni Mluhya wa Kangemi, na bahari ameiona mara moja tu, katika safari ya mashindano. Alitia ulimi mmoja mdomoni, akaulowesha kitambo, akaufunga mahali pake. Kisha akavuta pumzi.

Nimesikia zumari nyingi katika utoto wangu, na nasema bila ya kumpaka mtu mafuta kwamba kijana yule anaijua. Mashavu yalijaa, na sauti ilipotoka haikukatika. Wasioijua kazi hii hudhani mpigaji ana mapafu ya ng'ombe. Sivyo. Mpigaji huweka akiba ya hewa mashavuni, na wakati anaisukuma hiyo nje, huvuta nyingine kwa puani. Sauti inakwenda bila ya kituo, na mwenye kusikiliza ndiye anayeishiwa pumzi. Jambo hilo hujifunza kwa miezi, wengine kwa miaka. Mwalimu aliniambia kijana huyo alikuwa akijizoesha nyuma ya vyoo vya shule, kwa sababu majirani walilalamika.

Walipiga nyimbo nne. Wale wasichana wa chivoti waliitikiana kama ndege wawili juu ya mwembe. Abu ilitoa ile sauti yake nzito inayotoka tumboni mwa kibuyu. Wazazi walisimama. Mama mmoja karibu yangu alifuta macho kwa ncha ya leso.

Kisha zikafuata hotuba. Kila mmoja wa wale wanne akapewa cheti chenye utepe. Tukapiga makofi, tukanywa soda na kula mandazi. Yote yalikuwa mazuri na ya heshima. Halafu mwalimu akazikusanya ala zote za kupuliza, akazipangusa, akazitia katika kabati la chuma, akafunga kwa ufunguo.

Mjukuu wangu alinivuta mkono wa kanzu. "Babu," akasema, "muhula ujao nani atapuliza?"

Nilimwuliza mwalimu swali hilo hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia ukweli, nami namshukuru kwa ukweli wake. Hakuna. Mwakani okestra itakuwa na nyuzi na ngoma, lakini katikati patakuwa na viti vinne vitupu. Kwa nini? Kwa sababu wale wanne walikuwa hodari mno. Tangu wako kidato cha pili walichukuliwa kwenye mashindano, wakashinda, na kila mwaka ikaonekana ni hatari kumweka mwanagenzi mahali pao. Anayejifunza nyatiti, hata akikosea, kosa lake humezwa na wenzake. Anayejifunza zumari akikosea, mtaa mzima unajua. Basi wadogo wakakaa pembeni wakisikiliza, na muda ukapita.

Hapa ndipo ninapotaka tupafikirie, ndugu msomaji. Mara nyingi tukilia kwamba mila inakufa, tunawalaumu wageni, televisheni, au vijana wasiopenda vya kwao. Hapa hapakuwa na mgeni wala kijana asiyependa. Palikuwa na mwalimu mwenye bidii, wanafunzi wenye mapenzi, na ala kamili zilizotunzwa vizuri. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: aliyejua hakupewa wa kumfundisha. Ala zimerudi kabatini zote, hata moja haikupotea. Lakini ala ya kupuliza ni nusu ya kitu. Nusu yake ya pili ni pumzi ya mtu, na pumzi haifungiwi kabatini.

SI SHULE MOJA

Haifai kuitupia shule moja lawama. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na limefanya kazi kubwa ya kuwakutanisha watoto wetu na ngoma za wenzao. Lakini shule kila mahali hupenda ushindi, na ushindi humtaka aliyekwisha kujua. Tena muziki wenyewe umepandishwa na kushushwa madarasani. Mwaka 1984 tume ya muziki iliyoongozwa na Washington Omondi ilitoa taarifa yake. Mwaka uliofuata, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, muziki uliingia katika masomo na mitihani ya shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa katika mitihani ya darasa la nane, na mzazi wa Kenya twamjua: kisichotahiniwa hakinunuliwi hata daftari. Mtihani huo wa darasa la nane nao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya umezirudisha sanaa darasani. Hilo ni jema. Lakini ala ya kupuliza ambayo mtoto hutumwa akainunue aghalabu ni ile filimbi ya plastiki. Siibezi, ni rahisi, ni safi, na imewafungulia wengi mlango. Ila mlango ukifunguliwa, mtoto aingie chumba gani, ikiwa vyumba vya nyumbani kwao vimefungwa?

Tena vitabu tunavyo. Graham Hyslop aliandika juu ya ala za Kenya mwaka 1975, Paul Kavyu mwaka 1980, na George Senoga-Zake aliandika juu ya muziki wetu wa asili mwaka 1986. Hyslop, Senoga-Zake na Omondi, pamoja na Thomas Kalume na Peter Kibukosya, ndio waliokaa wakatutengenezea Wimbo wa Taifa mwaka 1963, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Fikiri, wimbo wa mama wa Mto Tana unasimamisha jeshi zima! Uliweza kusafiri kwa sababu ulikuwa katika vinywa vya wengi, na aliyeusikia aliweza kuuimba. Zumari haiko hivyo. Kitabu kitakuonyesha picha yake na idadi ya matundu yake. Hakiwezi kukuonyesha namna ya kuvuta hewa puani huku mashavu yanasukuma.

WATAKAOSEMA

Najua wako miongoni mwenu watakaosema: zumari! Mtu mzima, mwenye mvi, aliyetoka msikitini, anazunguka mji kutafuta ulimi wa zumari! Nawasikia, na sina ubishi nao. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani juu ya ala za kupuliza na za nyuzi, na mwenye kuziacha kwa ajili ya dini yake namheshimu. Mimi si wa kutoa fatwa. Lakini nakumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomsifu Abu Musa al-Ash'ari kwa uzuri wa kisomo chake cha Qur'ani, aliifananisha sauti ile na zumari za watu wa Daudi. Nakumbuka pia kwamba Lamu kwenyewe, wakati wa Habib Saleh, palikuwa na mabishano makali juu ya matari, na matari hayo hayo leo ni pambo la maulidi yanayowavuta watu kutoka pande zote.

Na hata asiyeipenda zumari hawezi kukana kwamba ni sehemu ya habari zetu. Imeongoza kirumbizi, ngoma ya fimbo, katika mitaa ya Lamu. Imewatangulia maharusi. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa kwa fahari, na wageni huzipiga picha. Lakini ni wangapi wetu leo wanaoweza kuipuliza siwa ikatoa sauti ya kueleweka? Tumekihifadhi chombo, tukamwacha mpulizaji aende zake bila ya mrithi. Vivyo hivyo kama kabati la Kawangware.

Sisemi kwamba haiwezekani kufanya vingine. Zanzibar, mwaka 2002, walifungua Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na kazi yake kubwa imekuwa kuwakalisha wazee wa taarabu na ngoma pamoja na vijana, goti kwa goti. Mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha, na hilo latufundisha kwamba hata njia iliyo sahihi haijiendeshi yenyewe. Lakini njia ni hiyo: anayejua akae na asiyejua, kabla anayejua hajaondoka.

KOSA LANGU

Nimewalaumu wengine, sasa nijilaumu mwenyewe.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mvulana wa zumari alinifuata nje chini ya mti wa jakaranda. Alikuwa amezishika zile ndimi mbili zilizobaki. Akaniambia, "Mzee, ahsante sana. Lakini hizi zitapasuka kama ile. Nionyeshe zinavyotengenezwa."

Sikuwa na jibu. Nilipokuwa mtoto Mji wa Kale, jirani yetu mzee mmoja alikuwa mpigaji. Alasiri alikaa barazani na majani yake na kisu kidogo, na mimi nilikaa karibu naye kila siku, maana alikuwa na hadithi nyingi na alinituma kahawa na kuniachia senti iliyobaki. Mara chungu nzima alizikunja ndimi mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa nikitazama uso wake, nikingoja hadithi. Mikono yake sikuitazama hata siku moja. Alikufa nikiwa kijana, tukamzika, tukamwombea, tukasema mzee wetu amekwenda. Sikujua kwamba pamoja naye tumezika kitu ambacho mtoto wa Kangemi atakuja kuniomba baada ya miaka mingi, nami nitasimama mbele yake mikono mitupu, huku nikiitwa mtu wa Pwani.

Nilimwambia kweli, kwamba sijui.

Hakukasirika. Alikaa kwenye jiwe, akachukua ulimi mmoja kati ya ile miwili, akaanza kuufungua uzi wake pole pole. Nikamwambia, "Mwanangu, utauharibu!" Akasema, "Naam, mzee. Lakini nitaona jani limeanzia wapi." Uzi ukalegea, jani likafunguka mkunjo mmoja, wa pili, kisha likapasuka. Mjukuu wangu alikuwa ameinama juu yake, anatazama mikono. Nilifurahi kuona kwamba anatazama mikono.

TUFANYE NINI?

Nionavyo mimi, yako mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi wala tume ya serikali.

Kwanza, katika kikundi chochote cha shule, mwenye kupuliza apewe mwanagenzi wake mapema. Mwanafunzi akiingia kidato cha tatu, mtoto wa kidato cha kwanza akae kiti cha ubavuni mwake, hata kama mwaka huo kikombe kitakwenda shule nyingine. Buriani ya kweli haianzi siku ya hotuba; huanza miaka miwili kabla yake. Wale wanne wangaliagwa hivyo, mwakani viti vyao visingalikuwa vitupu.

Pili, sisi watu wa Pwani tulioko Nairobi, na tuko wengi, tusijivunie majina tu. Tunafanya harusi kila mwezi wa mfungo mosi na mfungo pili, tunakodi vyombo vya umeme kwa maelfu. Tukimleta mzee mmoja wa zumari kwa harusi ya Jumamosi, basi Jumapili tumwombe akae saa mbili na watoto wa shule. Nauli yake tumekwisha kulipa.

Tatu, ndugu zetu mlioko Mombasa, Lamu, Malindi, Kwale na visiwani: mwenye jirani anayejua kukunja ulimi, kuchonga chivoti au kuipuliza siwa, amkalishe mtoto mmoja mbele yake. Simu za mkononi tunazo, tumrekodi pia. Lakini rekodi isiwe badala ya mtoto. Na mtoto huyo aambiwe atazame mikono.

Nimezungumza na mwalimu. Baada ya mtihani wa kidato cha nne, yule mvulana ameahidi kurudi shuleni kila Jumamosi kuwafundisha wawili, na mjukuu wangu ni mmoja wao. Wasichana wa chivoti nao wamekubali. Mwalimu ametoa zumari kabatini na kuiweka juu ya meza yake, na ulimi wa mwisho umefungwa juu yake. Nami nimemwomba ndugu yangu amwulize yule mzee wa Mombasa kama Desemba hii atakubali kumpokea kijana mgeni barazani pake kwa wiki mbili. Nauli nitatoa mimi. Ni fidia ndogo ya kahawa zote nilizotumwa nikarudi bila ya kujifunza kitu.